Baba, Mama Mkwe na Kanda ya Miaka ya Sitini

Mliniacha mlangoni kwa baba yangu na sanduku kichwani. Ndoa imevunjika, kazi ya kufua mashuka ya hoteli imekwenda, na rafiki yangu wa kufa na kuzikana kanifungia geti. Nilikuwa nimeinua mkono kubisha hodi, nikasikia muziki.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza, niseme kwa ufupi. Mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Safi, alisimama mbele za watu akasema amekuta funza kwenye unga wangu. Mume wangu, mpiga chapa, hakuuliza mara mbili. Alirusha nguo zangu uani, nami nikaziokota moja moja huku majirani wakitazama. Tangu siku hiyo hakuna baya lililonipita ila kifo.

Basi. Sikubisha. Nikausukuma mlango.

Baba yangu ni fundi wa meno ya bandia, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana. Tangu utoto nimekula chakula nikitazamwa na taya za plasta zilizopangwa rafuni, za watu wazima wa mji huu, kila moja na mapengo yake. Nilizizoea. Hazikuwahi kunitia kinyaa.

Kinyaa kilinisubiri siku hiyo.

Meza ya kazi ilikuwa imesukumwa ukutani. Redio kaseti inalia kwa sauti yake yote. Na katikati ya chumba baba yangu, mtu wa umri wa kuwa na wajukuu, alikuwa amemkumbatia mwanamke anamzungusha.

Alikuwa amepaka nywele rangi nyeusi. Rangi imeyeyuka kwa jasho, inamshuka kwenye paji la uso. Suruali ilimbana hadi nikageuza macho. Shati wazi, mvi za kifuani zimelala chapachapa kama nyasi zilizokanyagwa.

Wimbo niliujua. Nani asiyeujua? Ni wa ile filamu ya dansi, ya utingo wa basi na binti anayeunganisha simu posta, wanaoingia mashindano ya kucheza bila kujuana majina. Filamu yenyewe ni ya juzijuzi, lakini nyimbo zake zote ni za mwanzo wa miaka ya sitini. Ngoma inadunda polepole, saksafoni inalalamika, na vijana wanne wanaitikia uu, uu, kama wanabembeleza mtoto asiye wao.

Tangu mkanda huo uingie mjini watu wamerukwa na akili. Wazee wanalia. Vijana nao wanalia. Vijana wanalilia nini? Hawakuwepo! Lakini wimbo ukianza tu, kila mtu anashika kifua kama aliyeibiwa kitu asichokumbuka alikiweka wapi.

"Baba!" nikaita.

Mwanamke akageuka. Mashavu yamebonyea, mdomo umeingia ndani kama mfuko uliokazwa kamba. Kwanza sikumjua. Halafu nikayaona macho.

Alikuwa Bi Safi. Mama mkwe wangu.

Sanduku likaanguka.

Sikutaka kumwamkia. Lakini malezi ni malezi.

"Shikamoo, mama."

Akafunika mdomo kwa kiganja. Alitaka kusema marahaba, lakini hakuwa na jino hata moja la juu, na ulimi ukakosa pa kushika.

"Mahaba," akasema.

Nikamtazama baba. Baba akatazama dari.

"Mama, umefika lini?" akaniuliza. Baba huniita mama akiwa na furaha, na akiwa na kosa. "Mbona hukutuma salamu?"

"Baba, mama mkwe wangu anafanya nini hapa?"

"Anatengeneza meno."

"Meno yanatengenezwa kwa kukumbatiana?"

Akakohoa. "Ni mapumziko kidogo. Ufizi unataka damu itembee."

Wasomaji wangu, alisema hivyo. Kwa mdomo wake.

Bi Safi, kwa kukosa la kufanya, akachukua kikombe mezani akanywa maji. Nikakitazama kikombe. Cha bluu, ukingo umemeguka. Kilikuwa cha marehemu mama yangu.

Mwanamke huyu, miaka yote ya ndoa yangu, hakuwahi kunywa hata tone nyumbani kwangu. Alikuwa anakuja na kikombe chake kwenye mkoba, kimeviringishwa kitambaa cheupe. Akikaa, anapangusa kiti kwanza. Nikimpa mkono, anajifuta wake. Nami nikadhani labda kweli mimi ni mchafu, nikawa nasugua sufuria hadi vidole vinatoka damu.

Leo hii yuko hapa, anakunywa kwenye kikombe cha marehemu, jasho la baba yangu limemlowesha mabega. Nyani haoni kundule.

Mate yakanijaa mdomoni. Nikatoka uani, nikatema.

*

Ningeondoka. Lakini niende wapi? Niliruka mkojo nikakanyaga mavi, na nje ya mavi hapakuwa na pengine pa kusimama.

Baba alinieleza jioni ile tukila mkate na chai.

"Alikuja amejifunika mtandio mpaka puani," alisema. "Hakutaka kwenda hospitali, watu wangemwona. Nikamkalisha pale. Nikamjazia ule uji mzito wa kuchukulia alama ya ufizi. Unaujua. Ukishaingia mdomoni mtu hasemi mpaka ugande."

"Naujua, baba."

"Mimi nilikuwa nimeweka kanda yangu, nafanya kazi. Ukaanza ule wimbo wa tatu. Namtazama, machozi yanamtiririka. Nikajua nimemuumiza! Nikamuuliza, inauma? Akatikisa kichwa. Nichomoe? Akatikisa kichwa. Ulipoganda nikautoa. Unajua neno lake la kwanza?"

"Sitaki kujua."

"Akasema: rudisha nyuma. Rudisha kanda nyuma, fundi."

Baba akatabasamu kama mtoto. Akamega mkate kwa vidole vile vile vilivyoingia mdomoni mwa Bi Safi, akanisogezea kipande.

Nikasukuma sahani.

"Hizi ni nyimbo zetu," akaendelea. "Za ujana wetu. Enzi hizo mtu anavaa kiatu kinang'aa, unajiona usoni. Ukumbi umejaa, taa za rangi. Nyie hamkuona kitu. Nyie mmezaliwa sherehe imekwisha, mnafagia maganda."

"Na mama? Mama alikuwa anacheza?"

"Mama yako hakupenda kelele," alisema, akanywa chai.

Nikaona uchungu juu ya kinyaa. Mama yangu amelala kaburini, na mwanamume aliyemzika anapaka rangi kichwani ili amzungushe adui wa mtoto wake.

Siku zilizofuata sikupata hata alasiri moja ya amani. Bi Safi alikuwa anafika jua likianza kupinda, mtandio puani, anajifanya amekuja kupimwa. Baba anachovya nta kwenye maji ya moto, anampima, anakwangua, anampima tena. Dakika chache za kazi. Halafu meza inasukumwa ukutani.

Na mtaa mzima ukawa unakuja dirishani.

Mwalimu wa hesabu wa jirani alisimama pale na madaftari kwapani, macho amefumba. Mke wa askari aliacha nguo kwenye beseni, povu likamkaukia mikononi. Hata wale mabinti wa saluni, waliozaliwa miaka ishirini baada ya nyimbo zenyewe, walikuwa wanaegemea ukuta na kuhema.

"Dada, una bahati," mmoja aliniambia. "Mzee wako ana mapenzi ya zamani. Siku hizi hakuna."

"Umeyajuaje ya zamani?"

"Si yanasikika kwenye wimbo?"

Niseme na langu, kwa kuwa nimeahidi kuwaambia kila kitu. Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni, nimekunja uso, naona uchafu wote: jasho, nywele, ufizi mwekundu unaocheka. Nikahisi kitu kinagonga sakafu. Nikatazama chini. Ulikuwa mguu wangu wa kulia. Unafuata ngoma.

Nikaukanyaga kwa wa kushoto.

Hapo ndipo nilipoanza kuuchukia muziki ule kuliko nilivyowachukia wao. Unaingia mwilini mwako bila hodi. Unakupa majonzi ya mji ambao hukuishi na mchumba ambaye hukuwa naye. Unakupambia watu unaowajua kwa ubaya, hadi mtu anamtazama Bi Safi, mwanamke aliyenivua nguo mbele ya watu, anasema: masikini, wanapendeza.

Wimbo ulipokwisha siku hiyo, baba alizima redio. Akanishika bega.

"Mama, sisi tumekubaliana."

"Mmekubaliana nini?"

"Kuoana. Meno yakikamilika tu. Yeye hataki kwenda kwa msajili bila meno."

"Baba. Huyu akiwa mke wako, mwanawe atakuwa nani yangu?"

"Amekuacha yule."

"Ameniacha, ndiyo! Hakunigeuza dada yake!"

Bi Safi akaanza kusema kitu nyuma ya kiganja, baba akamzuia kwa mkono, kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao.

"Muda wetu ulipita tukiwa tumekaa," aliniambia. "Usituombe tukae tena."

*

Asubuhi nilikwenda kwa shangazi, dada yake baba. Shangazi anashona magodoro. Nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya pamba kama kuku anayeatamia, sindano ndefu mkononi, pamba hadi kwenye nyusi.

Nilimweleza yote. Akasikiliza, akavuta uzi, akakata kwa meno. Yake mwenyewe.

"Umesema baba yako anacheza?"

"Kila siku, shangazi. Anasema ni nyimbo za ujana wake. Kumbi, taa za rangi, viatu vinang'aa."

Shangazi akacheka mpaka pamba ikaruka.

"Baba yako yule? Acheze wapi? Mwanangu, baba yako alikuwa mguu wa meza! Enzi hizo alikuwa mwanagenzi kwa fundi meno mmoja mkali kama pilipili. Siku za dansi wenzake wakienda, yeye anafungiwa karakana anapiga msasa meno ya watu. Karakana ilikuwa nyuma ya ukumbi. Muziki aliusikia kupitia ukutani."

"Hakuingia hata mara moja?"

"Alinunua viatu. Hilo ni kweli, tena vizuri. Akavivaa Jumamosi moja, akafika mpaka mlangoni. Nilikuwa naye. Akawaona wanavyocheza, akaniambia ngoja nikachukue leso nyumbani. Hajarudi mpaka leo."

"Sasa zile taa za rangi?"

"Si zipo kwenye filamu? Mimi nimeiona kwa jirani. Ukumbi wetu ulikuwa na taa moja, tena ya karabai."

Nikakaa kwenye godoro lisiloshonwa. Kumbe hata kumbukumbu zake ni za bandia. Fundi kajichongea ujana kama anavyochonga meno, kaupachika pasipokuwa na kitu.

Nikasikia kinyaa kingine, kibaya kuliko cha kwanza. Mtu anamtupa marehemu mke wake kwa ajili ya ujana ambao hakuwa nao!

"Shangazi, nimepata dawa."

"Dawa gani?"

"Bi Safi hapendi uchafu, na uongo nao ni uchafu. Alinifukuza kwa funza. Atamwacha huyu kwa taa za rangi."

"Angalia," shangazi alisema, akitunga uzi upya. "Ukimvua mzee nguo, wewe ndiye utakayetazama."

Sikumsikiliza.

*

Nilifika nyumbani alasiri, wako katikati ya wimbo wa tatu. Siku hiyo meno yalikuwa tayari. Baba alikuwa amemvika ili ajaribu, bado yanalegea kidogo. Bi Safi alikuwa na uso mpya. Mashavu yamejaa, mdomo umerudi mahali pake. Alikuwa mzuri, na hilo nalo lilinikera.

Nikaenda moja kwa moja kwenye redio, nikazima.

"Mama," nikamwambia Bi Safi, "huyu mzee anakudanganya."

"We mtoto," baba akasema.

"Hakuwahi kucheza. Hakuwahi kuingia ukumbini, muziki aliusikia kupitia ukuta wa karakana iliyokuwa nyuma yake. Taa za rangi ni za kwenye filamu. Alifika mlangoni na viatu vipya, akakimbia. Muulize! Muulize kama naongopa!"

Baba alinywea. Niliona mabega yakishuka, na ile rangi ya nywele ikaonekana kama ilivyo, uchafu mweusi juu ya kichwa cha mzee. Aliitazama mikono yake.

Nilingoja Bi Safi achukue mtandio wake.

Hakuuchukua. Akakaa kitini taratibu, akasema kwa sauti safi, yenye meno:

"Najua."

"Unajua?"

"Anavyonikanyaga hivi, nisijue? Mtu aliyecheza ujana wake hakanyagi hivi." Akacheka kidogo, akashika meno yasitoke. "Na mimi sikuwahi kucheza."

Sasa baba ndiye aliyeinua kichwa.

"Nyumba yetu ilipakana na ukumbi ule ule," Bi Safi alisema. "Upande wa pili. Baba yangu akisikia vyombo vinaanza kulia, anafunga milango na funguo anaweka mfukoni. Mimi nalala, nimebandika sikio ukutani. Nimezijua nyimbo zote kwa sikio moja. Nikaolewa. Marehemu mume wangu akaniambia dansi ni uchafu. Nikasema sawa. Nikaanza kusafisha. Nimesafisha tangu siku ile."

Nje, nikamsikia mke wa askari akipenga kamasi. Hata leo walikuwepo.

"Kwa hiyo ulikuwa ukuta wa pili," baba akasema.

"Na wewe ukawa ukuta wa kwanza."

"Muziki mmoja."

"Mmoja."

Niseme nini? Nilikuja na panga nikakuta hakuna cha kukata. Kinyaa changu kililegea. Kwa mara ya kwanza niliona watu wawili wasioibiwa na yeyote kwenye wimbo ule, kwa sababu hawakuwahi kupewa. Mguu wangu ukataka kuniponza tena.

Kisha baba akamfuta Bi Safi chozi kwa kidole gumba, akamwachia mchirizi wa rangi nyeusi shavuni, kama masizi. Kinyaa kikarudi.

Na mlango ukapigwa teke.

Alikuwa mume wangu.

Bado alikuwa na aproni ya kiwandani, wino mweusi kwenye kucha. Kuna mtu alimwambia, na nani asingemwambia, dirisha lilikuwa limejaa watu. Alimtazama mama yake kitini. Akamtazama baba na shati lake wazi. Akauona ule mchirizi shavuni.

"Mama," akasema. "Sema ni uongo."

"Shikamoo kwanza," Bi Safi akamjibu.

"Sitoi shikamoo kwenye danguro!"

Akanigeukia mimi. Sikuwa nimemwona tangu aliponirushia nguo.

"Mke wangu," akasema. Mke wangu! "Unaiona aibu hii?"

"Naiona."

"Husikii kichefuchefu?"

"Tangu niliposhusha sanduku."

Akatikisa kichwa, nami nikatikisa. Tangu tuoane ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kukubaliana juu ya jambo.

"Sikiliza," akasema, akanisogelea, akashusha sauti. "Fungasha. Turudi nyumbani leo hii. Ukiwa kwangu, hawa wawili ni wakwe tena, na wakwe hawaoani. Nani atawasajili? Nani atawatazama usoni? Mchezo umekwisha. Wewe unapata nyumba yako, mimi napata heshima yangu."

"Na funza?"

"Funza gani? Hayo yamepita."

"Uliwaona?"

"Mama aliwaona."

Nitawaambia kweli, na mnicheke mkitaka. Nilitaka kwenda. Nilikiona kitanda changu, dirisha langu lenye pazia nililoshona mwenyewe, sufuria zangu zimepangwa. Nilichoka kulala kwenye nyumba za watu. Nilichoka na saksafoni.

"Ngoja nichukue sanduku," nikasema.

Baba akaanza kufunga vifungo vya shati lake.

Mume wangu akamshika mama yake mkono. "Na wewe, inuka. Twende."

"Niachie."

"Inuka, nimesema!"

Akamvuta kwa nguvu. Bi Safi akayumba, akafungua kinywa kupiga kelele, na meno yakatoka. Yalianguka sakafuni, yakateleza kwenye vumbi la plasta, yakasimama karibu na mguu wangu. Mekundu na meupe, yamelowa mate, vumbi limeganda juu yake.

"Aah!" Mume wangu akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Akajifuta mkono kwenye aproni. Nilimwona uso alivyomkunjia mama yake. Niliujua uso ule. Ndio uso alionikunjia mimi juu ya unga.

Bi Safi alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. Dirishani mtu alicheka, akanyamazishwa. Bi Safi hakulia. Alisinyaa tu, mbele ya macho yetu, hadi akabaki mwanamke mdogo sana kwenye chumba kilichojaa watu.

Nikainama.

Niliyaokota kwa mkono mtupu. Yalikuwa ya uvuguvugu. Nikaenda nayo kwenye karo, nikayasugua kwa sabuni na brashi, ndani na nje, kwenye kila mwanya, kama nilivyofundishwa na baba nikiwa mdogo. Nikayasuuza. Nikarudi, nikapiga magoti mbele yake, nikampa.

"Chukua, mama."

Akageukia ukutani, akayavaa, akanigeukia tena.

"Hukuona kinyaa?"

"Nimeona, mama. Kikubwa sana. Lakini nimeyaosha."

Bi Safi akayabana meno kwa kidole yakae sawa.

"Funza hawakuwepo," akasema.

"Mama, unasema nini!" mume wangu akafoka.

"Nyamaza. Naongea na mkeo." Akanishika mikono yote miwili, yeye ambaye hakuwahi kunigusa bila kujifuta. "Unga wako ulikuwa safi. Nyumba yako ilikuwa safi kuliko yangu. Nilisimama mbele za watu nikasema nilichosema, na mdomo ulikuwa huu huu. Lakini sikukitunga mimi."

"Nani alikitunga?"

"Mimi nimeanza kuja hapa wewe ungali kwa mumeo, mwanangu, kabla meno yangu ya zamani ya bandia hayajavunjika. Ungali umeolewa. Mwanangu anasema wakwe hawaoani. Sisi hilo tulilijua kabla yake. Ndoa yako ilikuwa mlangoni kwetu kama jiwe. Mimi nikasema basi, tusikilize muziki, yatosha. Mwingine akasema lazima lipatikane neno. Neno ambalo mwanangu, na kinyaa chake anachokijua kila mtu, hataweza kulimeza."

Hakumtazama mwanawe. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, nyuma yangu.

Nikageuka.

Baba alikuwa amerudi nyuma hadi mgongo umegusa rafu. Alikuwa anapangusa mikono yake kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya kabla ya kumwambia mtu kwamba hata jino lililobaki haliponi.

"Baba?" nikasema.

Hakunitazama.

"Mama," akasema, "keti kwanza."